Mhusika Akifa

— Mhusika akifa, amekufa. Hatutaki mizimu mezani, alisema Mwalimu, huku akipiga mstari mzito chini ya sentensi yake.

— Sijasema afufuke, Nukta akamjibu. — Nasema mchezaji asifukuzwe mezani. Aliyekufa ni mhusika wake. Yeye mwenyewe yupo, anapumua, na chai yake haijapoa.

Walikuwa chumba cha nyuma cha duka la dada yake Mwalimu, fundi cherehani, katikati ya marobota ya vitambaa. Kwenye meza ya kukatia nguo yalitapakaa makaratasi ya kitabu walichokuwa wanakipanga, mwongozo wa wachezaji wa ule mchezo wao wa mezani. Ni mchezo ambao kila mtu hujiundia mhusika wake, awe mwizi, tabibu au askari. Msimulizi mmoja hutunga mikasa, na dadu ndizo huamua nani atanusurika. Mwalimu, wa hesabu, alitunga kanuni. Nukta, mhariri wa kiwanda cha kuchapa vitabu, alizigeuza kanuni hizo zikawa lugha ya watu. Jina hilo alibandikwa kiwandani, maana hakuna nukta iliyowahi kumponyoka.

— Haya, mhusika wake amekufa. Yeye afanye nini?

— Apewe karatasi nyingine. Achague jina jipya, aingie kwa mlango unaofuata. Hadithi haikuwa ya mmoja tu.

Mwalimu alimtazama. Alijua anazungumza na mjane. Mume wa Nukta alipata ajali, akaugulia majeraha mpaka akafa, na tangu hapo watu walimhesabu kama chombo kilichofunikwa, kisiguswe.

— Andika hivyohivyo, alisema. — Na tukiimaliza sura hii, nataka nije kwenu kujitambulisha.

— Kwetu njoo. Nilikoolewa nitakwenda mwenyewe. Mama mkwe asije akayasikia mitaani.

Siku zilizofuata kila Nukta alipopiga, simu ya Mwalimu ikawa inaita mpaka inakata. Kisha ukaja ujumbe, Nukta yuko kazini, mashine zinanguruma:

"Nukta, tuishie hapa. Kitabu endelea nacho, ni chako. Nakutakia heri huko uendako."

Aliusoma mara ya pili. Akachukua mkoba.

— Unakwenda wapi na kurasa hazijakaguliwa? bosi wake aliuliza.

— Kuna ukurasa una kosa kubwa zaidi.

Alimkuta Mwalimu kwenye chumba cha walimu, anasahihisha mitihani.

— Huko niendako ni wapi?

Wenzake Mwalimu waliinamia madaftari yao, masikio wima.

— Nukta, si hapa.

— Ni hapahapa. Anayeniacha kwa simu, namuuliza mbele za watu.

Mwalimu akaweka kalamu chini.

— Shemeji yako alinifuata. Mdogo wake marehemu. Alisema umekubali kurudi nyumbani kwao, akuoe yeye. Kwamba mama yao yu hoi kitandani kwa ajili yangu, nawe unaona haya kuniambia.

— Ukaamini.

— Alikuwa na picha. Umekaa na yule mama, mmeshikana mikono.

— Picha ya msibani hiyo. Mtu akifiwa hashikwi mkono?

Mwalimu alifumba macho.

— Nilidhani nakupunguzia mzigo.

— Umenipunguzia ulimi. Mmekaa wanaume wawili mkaamua mimi niishi wapi, kama watu wanaohamisha kabati. Yeye ni mwongo, najua pa kumweka. Wewe ndiye sijui nikuweke wapi.

Akaondoka. Hakulia hadi alipofika mtaa wa kina mama mkwe, na hata hapo alisimama nyuma ya duka la dawa, akalia kidogo, akapangusa uso kwa mtandio, akabisha hodi.

Mama mkwe alikuwa uani, amekunja mikono ya gauni, anakamua shuka. Shemeji alikuwa amejilaza kwenye kochi sebuleni, mlango wa uani uko wazi.

— Mama, shikamoo. Nimesikia uko hoi.

— Marahaba. Hoi nani? Mimi? Labda magoti, na hayo tumeshazoeana. Wewe mbona umeninyima uso wako? Shemeji yako kaniambia hutaki tena kutuona, eti tunakukumbusha marehemu.

Shemeji akainuka haraka, akaja mlangoni.

— Shemeji, haya tuyazungumzie nje.

— Tutayazungumzia hapa, yalipoota. Kwa watu unasema mama yu hoi kitandani. Kwa mama unasema nimewatupa. Kwa watu haohao unasema nimekubali kuwa mkeo. Ulimi mmoja, uongo mara tatu. Hauchoki?

Mama mkwe aliacha kukamua.

— Anasema kweli?

— Mama, mimi nalinda jina la kaka, alisema shemeji, sauti imeshuka. — Huyu ni mke wa nyumba hii. Leo mwanamume mwingine avue viatu mlangoni kwake, watu watuonaje? Halafu mimi nimemngoja muda wote huu, na yeye anajua.

— Sijui, wala sikukutuma ungoje. Nilimpenda kaka yako, nikamuuguza, nikamzika. Sikuzikwa naye.

— Unatutia aibu.

— Aibu ni mali ya aliyesema uongo, usinigawie. Mama, nakuheshimu kama aliyenizaa. Lakini sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kukuarifu. Kuna mwanamume nampenda. Mkikasirika, kasirikeni. Mkinifungia mlango, nitapita hapo barabarani kichwa juu, na nikikuona nitakuamkia.

Shuka lilikuwa linachuruza maji miguuni pa mama mkwe, naye hakujali.

— Huyo mwanamume anafanya kazi gani?

— Mwalimu wa hesabu. Ila kwa sasa sitaki kumwona.

— Kwa nini?

— Mjinga.

— Hata marehemu alikuwa mjinga mwanzoni. Ulimvumilia.

Kisha akamgeukia mwanawe.

— Na wewe. Umenilaza kitandani ningali nafua. Mwenzio alikuja hapa kuolewa na mwanangu, hakuja kuolewa na kaburi. Mwombe radhi.

Shemeji hakuomba. Alichukua funguo zake mezani, akawapita bila kumtazama yeyote, na geti likagongwa kwa nguvu.

— Atarudi, alisema mama mkwe. — Njaa haina kiburi. Shika huku mwisho wa shuka, tukamue.

Mwalimu alipiga simu jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Nukta hakupokea. Alikaa na makaratasi peke yake, akapanga sura kwa namna alivyotaka yeye: kuunda mhusika kwanza, mapambano baadaye, kifo katikati, si mwishoni. Mahali pa majina ya watunzi aliandika lake la kwanza, la Mwalimu chini yake. Alilitazama lile la pili kwa muda. Hakulifuta.

Ujumbe ukaingia: "Najua nimekosa. Niko tayari kusema hivyo popote."

Akajibu: "Popote ni wapi?"

Jibu halikuja. Kesho yake alikuja mwenyewe, mpaka kiwandani, akasimama kati ya mitambo na mafundi wa mitambo. Kelele zilikuwa nyingi, ikabidi apaze sauti.

— Nilipaswa kukuuliza wewe. Nilimwogopa shemeji yako, nikaupa woga wangu jina la huruma. Nilikuwa...

Hapo fundi akazima mtambo.

— ...mpumbavu, Mwalimu akamalizia, na kiwanda kizima kikasikia.

Kuna aliyecheka, kuna aliyepiga makofi. Nukta hakufanya lolote kati ya hayo.

— Akija mtu mwingine na picha?

— Nitakuja kwako kwanza. Hata nikiwa natetemeka.

— Njoo ofisini. Sura yako ya mapambano ina hesabu ambazo mtu mwenye akili timamu hawezi kuzisoma.

Alimfuata. Akabaki amesimama mlangoni.

— Na sisi?

— Sisi tunaoana. Wa kuarifiwa nimeshawaarifu.

— Mimi hujaniuliza.

— Na wewe uliponiacha hukuniuliza.

Mwalimu akainamisha kichwa. Nukta akamwacha hivyo kidogo, aionje aibu yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

— Unataka?

— Nataka.

— Basi sogeza kiti.