Nyama ya Chumba cha Juu

Walikutana mlango wa nyuma wa ukumbi, siku ya mkutano wa mazingira, watu wamejaa kama siafu. Mpishi alivaa gauni la kijani, sufuria ya maharage mikononi. Mwenye bucha alikuwa na koti jeupe lenye damu na paja la mbuzi begani.

"We kaka, hapa leo hata mfupa haupiti. Mboga tupu, amri ya wakubwa."

"Paja lenyewe ni la wakubwa, dada. Wanalila chumba cha juu."

Mpishi akacheka mpaka sufuria ikayumba. Kumbe dunia inaokolewa na wanaokula ukumbi wa chini.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Kabichi."

"Utaota masikio ya sungura."

"Na wewe utaota pembe. Tutaonana zizini."

Siku ya mkutano wa tatu wa mazingira, mgeni mmoja alifungua friji ya jikoni akitafuta maji, akakuta nyama. Wakubwa wale wale wakasema ni ya mpishi. Akafukuzwa mchana huo huo, aproni bado kiunoni. Mwenye bucha alikuwa amesimama pale pale. Akaangalia viatu vyake. Wakubwa ni wateja.

Alipiga simu siku nne bila kupokelewa. Ya tano ikapokelewa.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Sina hasira. Sina chochote. Nimekaa tu kama gunia."

"Nifanye nini?"

"Ungesema ni ya nani. Basi."

Kesho yake mwenye bucha akavaa shati la pasi, akaingia kwenye kikao cha wakubwa. "Nyama ni yenu. Niliileta mimi. Mpishi hakuigusa." Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, akafunua ukurasa wa pili. Mkubwa hakosei, hukosewa. Jikoni alishawekwa mpishi mwingine, na wiki ile ile oda za bucha zikakoma.

Alimkuta mpishi wake nyumbani, kitandani, nywele timutimu, televisheni inawaka bila sauti.

"Nimesema."

"Wakajibuje?"

"Asante."

"Basi?"

"Basi."



"Nataka kukuoa," akasema mwenye bucha.

"Sisikii furaha, baba. Nasema ndiyo. Lakini leo usinitazame usoni."

"Sikutazami."

Akaketi kando yake. Wakaangalia watu wa kwenye kioo wakifungua midomo.