Ambulansi Iliyozimika Barabara ya Nyunzu

Kapinga alikufa Jumatatu saa mbili asubuhi, ndani ya ambulansi iliyozimika njiani, kilomita kumi na tisa kabla ya kufika Kalemie. Mtoto alikuwa bado tumboni. Kufika saa sita, shofa Anatole alikuwa ameshafungwa. Léon, msimamizi wa kituo cha afya, alisema shofa huyo ameuza esansi, petroli ya gari, na kujazia maji.

Inspekta Carmel hakujua magari. Alimwita Valère, fundi aliyeitunza ambulansi hiyo miaka minne.

Ambulansi ilikuwa imevutwa mpaka uwanjani pa polisi; Valère aliitia bateri ya kuazima, akawasha motere. Kwenye ralanti, mguu ukiwa umeachia pedali ya esansi, gari zima lilitetemeka, likakohoa, likazima. Alipokanyaga kidogo, lilitulia.

Akatoa esansi kwenye chupa ya kioo, akaiacha dakika kumi. Chini hapakuwa na tone la maji.

"Anatole hakujazia maji," alisema.

"Basi ni nini?"

"Sijui bado, Mama."

Akafungua bujii zote, plagi za kuwashia moto. Zilikuwa safi. Akamwomba Carmel akanyage kidogo ili motere isizime, naye akaimwagia mipira ya hewa maji polepole. Mlio haukubadilika, hakukuwa na ufa wa kunyonya hewa. Kilibaki kifaa kimoja kidogo, kile kinachoipa motere hewa wakati mguu umeachia. Alichomoa waya wake. Motere haikushtuka hata kidogo. Akakifungua: ndani cheusi, kimeganda. Vichwa vya skrubu zake vilikuwa vimechubuliwa upya.

"Hiki si cha gari hii. Mwezi wa kwanza niliweka kipya, nikakikwaruza V kwa musumari, maana hapa mujini vipuri vinabadilishwa."

Wakamfuata Anatole mahabusu.

"Jumamosi saa nne nilirudisha ufunguo kwa biro ya Papa Léon," alisema bila kuinua macho. "Leo saa kumi na moja asubuhi njo alinipa tena. Nikawasha, inatetemeka. Nikamuambia. Akasema mama anangojea, enda. Wakati wa kurudi, lori lilikwama mbele yetu, nikasimama. Ikazima. Nikiwasha, nikiachia esansi ili nishike breki, inazima. Mwisho bateri ikaisha. Mama alikuwa ananiita kwa jina."

Valère alikuwa amekumbuka mwezi wa pili, pikapu ya Léon ikitetemeka vilevile kwenye gereji yake.

Saa tisa na nusu walimkuta Léon nyumbani, pikapu ikinguruma mlangoni. Ralanti ilikuwa imetulia kabisa. Valère alifungua kapo, kifuniko cha motere, bila kuomba ruhusa. V ilikuwa pale.

"Papa Léon, si nilikuambia chako kimekufa, uagize Kigoma?"

"Niliagiza. Boti inafika Alhamisi." Léon alizima motere, akamwangalia Carmel. "Ilikuwa siku chache tu, Mama. Ile ambulansi inaweza kukaa wiki nzima bila kutoka. Jumapili nilikuwa nabeba bibi harusi, mutoto wa dada yangu. Pikapu ingezima mbele ya watu wote."

"Na Anatole alipokuambia inatetemeka?"

"Ningemuambia nini?"

"Ungemuambia asiende na gari ile. Na maji kwenye esansi?"

Léon alifuta uso. Kisha akamgeukia fundi.

"Mimi ningejulia wapi mambo ya motere? Wewe njo ulisema ya ambulansi na ya kwangu ni moja. Ulisema kifaa chake kinaingia kwangu bila shida."

Ilikuwa kweli. Siku ile Valère alikuwa akinawa mikono, akijisikia mjuzi, na maneno yakamtoka tu.

Carmel alikuwa akiandika, Valère akikitoa kifaa chenye V kwenye pikapu. Kalamu ikasimama.

"Hiyo niandike, Papa Valère?"

Fundi alikitazama kifaa mkononi mwake, kizima, kisafi.

"Andika," alisema. "Na jina langu uliandike lote."