Usipitishe Saa Moja

Miaka ya tisini ilipoanza, kila dereva wa basi la Mombasa aliyesimama mji mdogo wa Salama, Ukambani, alimjua Bilha Wakiuru. Alikuwa mhudumu wa hoteli ya Ng'ang'a. Basi lilipoegesha tu, yeye alikuwa tayari mlangoni na trei yake.

"Karibu chai! Karibu supu!" aliita. "Dereva amesema dakika kumi, lakini dereva mwenyewe bado anatafuna!"

Abiria walicheka, wakaingia. Bilha aliwajua kwa macho. Huyu anataka chai bila majani mengi, yule hali nyama, huyu ana mtoto mgonjwa na anahitaji uji. Alikuwa ametoka Nyeri akiwa bibi harusi, mume wake akiwa fundi wa magari. Mume alikufa, jamaa wakamwambia arudi nyumbani. Akakataa. Mlango ule wa hoteli ulikuwa ndio nyumbani kwake.

Lakini jua la Salama halina huruma, na moshi wa makaa hauna adabu. Umri ulikuwa unakaribia hamsini. Mikunjo ilijichora kando ya macho, na madoa meusi yakakaa mashavuni kama wageni wasioaga.

Kisha akaja Muthoki, msichana wa Kasikeu, mashavu yamejaa, meno meupe. Ng'ang'a alimwajiri amsaidie Bilha. Bilha alimfundisha kubeba trei kwa mkono mmoja. Hakumpenda, lakini alimfundisha vizuri.

Siku moja Bilha alikuwa akifuta meza karibu na kaunta. Ng'ang'a alikuwa akiongea na mtu wa kuleta soda, naye hakujua kwamba Bilha yuko pale.

"Bilha ni mtu wa kazi, hiyo siwezi kataa," Ng'ang'a alisema. "Lakini uso umechoka. Mtu ametoka Nairobi na njaa yake, uso wa kwanza anaona ni ule? Hapana. Nitamweka nyuma."

Nyuma ilikuwa jikoni. Nyuma ni moshi, masufuria na ukuta. Huko hakuna abiria wala kicheko. Bilha alibana kitambaa cha meza mkononi mpaka maji yakamtiririka miguuni. Aliumia sana moyoni.

Siku ya soko alipanda mpaka Nunguni kutafuta kitu cha uso. Alimkuta mchuuzi mwenye sanduku wazi na ulimi mwepesi.

"Mama, wewe si mzee," mchuuzi alimwambia. "Ni ngozi tu imelala. Tunaiamsha."

Akampa vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa tyubu ya kunyoosha makunyanzi. Cha pili kilikuwa kikopo cha krimu ya kuondoa madoa, kisicho na maandishi yoyote. Cha tatu kilikuwa chupa ya maji ya kuchubua ngozi ya juu.

"Haya maji ni makali," mchuuzi alisema. "Paka, lakini usipitishe saa moja. Umenisikia? Saa moja, nawa."

"Nimesikia," Bilha alisema. "Siwezi pitisha."

Hapo nakuomba usimame kidogo, msomaji, ulisikilize neno hilo vizuri. Mchuuzi alimaanisha muda. Bilha alisikia saa ya ukutani, ile ya asubuhi, redio inapopiga mlio na taarifa ya habari inaanza. Kila mmoja alijiona ameeleweka. Wakaagana kwa furaha.

Nyumbani, Bilha alitazama vile vitu vitatu. Kupaka kimoja, kungoja, kupaka kingine, kulimchosha hata kabla hajaanza. Alikuwa ameishi Ukambani miaka mingi, na isyo alilipika kila wiki. Mahindi na maharagwe huingia sufuria moja na kuiva pamoja. Akachukua kopo tupu la mafuta ya kupikia. Akakamua tyubu yote, akachota krimu, akamimina maji ya chupa, akakoroga kwa kijiko. Ilipokuwa laini alijipaka uso mzima na shingo, akalala.

Uliwasha. Uliuma. Bilha alifurahi.

Tusimcheke. Spiriti kwenye kidonda huuma, sindano huuma, kwinini ni chungu mpaka kooni. Wengi wetu tumekua tukipima dawa kwa maumivu yake. Bilha alilala akiwa ameuma meno, akijua moyoni kwamba dawa iko kazini. Na kabla ya redio kupiga saa moja, alikuwa amenawa.

Mwanzoni uso uling'aa. Mikunjo ilionekana kama imejaa. Ng'ang'a alimtazama akashangaa.

"Eeh, Bilha! Umeolewa na hukutuambia?"

Bilha alicheka siku nzima. Alitembea mlangoni na trei kama mtu aliyesamehewa. Usiku alijipaka zaidi.

Ngozi ile mpya ilikuwa nyembamba kama ya kitunguu. Jua la mchana lilipoipiga, ikawa nyekundu. Alipoinama juu ya jiko kuchukua chai, ilichoma. Ikaanza kubanduka, kisha ikapasuka kando ya mdomo. Bilha alijiambia kwamba uchafu wa zamani unatoka. Akajisugua kwa sabuni ya kufulia na maji moto, akapaka tena.

Asubuhi moja aliamka jicho moja halifunguki. Kope zilikuwa zimevimba, na mashavu yakitoa maji ya manjano. Alijifunga leso, akaenda kazini hivyo hivyo. Basi likaja. Alimpelekea mama mmoja sahani ya viazi. Yule mama akatazama uso, akatazama sahani, akaisukuma pembeni.

"Nipe soda tu," akasema. "Na nifungue mwenyewe."

Ng'ang'a aliona. Alimwita Bilha kando.

"Bilha, enda nyumbani. Hii kitu inaweza kushika watu."

"Haishiki mtu, Ng'ang'a. Ni dawa ndiyo inatoa uchafu."

"Wateja hawajui hiyo. Enda, tafadhali. Muthoki atasimama mlango."

Bilha aliweka trei juu ya kaunta. Hakuagana na mtu. Alikwenda chumbani kwake, akajifungia, akalia, na machozi yenyewe yakamchoma mashavu. Alikuwa amepoteza mlango wake kwa kile kile alichonunua ili aushike.

Jioni mtu alibisha. Alikuwa Muthoki, ameshika chupa ya chai.

"Mwaitu," Muthoki aliita. Ndivyo Wakamba humwita mama yao mzazi, na humwita hivyo mwanamke wanayemheshimu. "Mwaitu, fungua."

"Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja nikupeleke kwa Sista Kasyoka kesho. Hiyo macho itapotea."

"Siendi mahali na uso huu."

"Basi nitalala hapa mlangoni mpaka utoke."

Bilha alimjua. Alikuwa amemfundisha mwenyewe kutobabaika. Asubuhi wakaenda kituo cha afya pamoja, Bilha amejifunika leso, Muthoki amemshika mkono kama mtu anayemwongoza kipofu.

Sista Kasyoka alikuwa muuguzi wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimketisha Bilha karibu na dirisha, akatoa leso polepole pale ilipokuwa imegandana na kidonda.

"Pole, mama. Umepaka nini?"

Bilha alikuwa amebeba kopo, na makopo matupu ya mchuuzi. Sista aliyageuza, akasoma maandishi ya tyubu na ya chupa. Kikopo kisicho na maandishi alikinusa tu.

"Ulikuwa unapaka hizi zote?"

"Zote. Nilichanganya, zikae pamoja."

"Na hii ya chupa, ulikuwa unaiacha muda gani?"

"Aliniambia nisipitishe saa moja. Na sijapitisha hata siku moja, Sista. Redio ikipiga, nimeshanawa."

Sista aliinua kichwa. "Saa moja ya asubuhi?"

"Kwani iko ingine?"

Muthoki aliziba mdomo kwa mkono.

"Mama," Sista alisema taratibu, "nafikiri alimaanisha muda wa saa moja. Na hata huo ni mrefu sana. Hapa kwa chupa imeandikwa dakika chache tu."

Bilha alijiona usiku baada ya usiku, amelala chali, ameuma meno, akingoja redio.

Sista alisafisha vidonda kwa maji safi yaliyopoa. Aliendelea kueleza huku akifanya kazi.

"Hii tyubu iko na asidi ya vitamini A. Inasukuma ngozi mpya itoke, na ya zamani ibanduke. Hii chupa iko na asidi ya kuchubua. Nayo inabandua. Ukiziweka pamoja usiku mmoja, hakuna ngozi inabaki ya kukulinda. Halafu unaenda kusimama juani. Hii ngozi imeungua, mama, kama mtu amemwagikiwa na maji moto."

"Na hiki kikopo?"

"Hicho sijui. Hakina jina, wala jina la aliyekitengeneza. Zingine za namna hii zina zebaki, ile sumu. Zingine zina dawa kali za hospitali ambazo mtu hapaki bila daktari. Kitu huwezi kujua kiko na nini, usiweke kwa ngozi yako."

"Lakini ilikuwa inauma. Nikajua inafanya kazi."

"Kuwasha kidogo kunaweza kuwa kawaida kwa hii ya tyubu, siku za kwanza. Kuchoma, kuvimba, kutoa maji, hapana. Hiyo ni ngozi inalia. Unasimamisha kila kitu, unakuja hapa."

Alimpa dawa ya vidonda na ya jicho. Akamwambia aache krimu zote. Anawe kwa maji baridi bila kusugua, apake mafuta ya kawaida yasiyo na manukato, na akitoka avae kofia pana. Akae mbali na jua na moto mpaka ngozi ifunge.

"Sitapaka tena kitu maisha yangu," Bilha alisema.

"Si lazima useme hivyo. Kutaka uso mzuri si dhambi. Lakini ni kitu kimoja kwa wakati. Kwanza jaribu hii ya tyubu kidogo ndani ya mkono, uone siku kadhaa. Ukiona salama, usiku, uso mkavu, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima. Siyo kila usiku, unaanza polepole. Kama unataka na hii ya chupa, uliza kwanza, na isiwe usiku ule ule. Mchana, kofia au krimu ya kukinga jua. Hiyo kofia peke yake ingekusaidia kuliko haya yote." Sista aliongeza, "Na mwenye mimba asiguse hii ya vitamini A kabisa. Hatuwezi kujaribu kwa mtoto."

Njiani kurudi, Muthoki alitembea nyuma. Bilha alisikia hatua zake zimesimama. Akageuka.

"Mwaitu, mimi pia niko na hiyo tyubu," Muthoki alisema, macho chini. "Nilinunua kwa yule yule. Ng'ang'a alisema niko na chunusi."

"Basi iache. Umesikia Sista."

"Na sijaona mwezi wangu. Mara mbili sasa."

Bilha alisahau uso wake. Alimshika msichana begani. "Umeshapaka?"

"Nilitaka kuanza wiki hii. Nilikuwa nangoja uniambie vile unapaka."

Walirudi moja kwa moja kwa Sista Kasyoka. Kisha wakaenda nyumbani kwa Muthoki, wakatoa tyubu chini ya godoro. Ilikuwa bado imefungwa. Bilha aliitupa mwenyewe kwenye choo cha shimo, pamoja na kopo lake.

Vidonda vya Bilha vilifunga polepole. Jicho lilipona, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini ngozi haikurudi ilivyokuwa. Mabaka meusi yalibaki mashavuni, makubwa kuliko madoa ya kwanza, na kando ya mdomo pakabaki kovu linalong'aa. Sista alimwambia ukweli. Mengine yatapungua kwa miaka, mengine hayatatoka. Ng'ang'a alimweka nyuma. Bilha alipika kwenye moshi, kofia kichwani, akisikia sauti ya Muthoki ikiita abiria kule mbele.

Kisha tumbo la Muthoki likaonekana, na Ng'ang'a akamwondoa mlangoni pia. Alisema wateja hawataki kuona mambo hayo. Bilha alisikia kutoka jikoni. Safari hii hakukamua kitambaa kimya kimya. Alitoka.

"Mimi ulisema nimechoka. Huyu ukasema ana chunusi. Leo ni tumbo," alimwambia Ng'ang'a mbele ya watu. "Wewe unauza chai ama unauza nyuso?"

Ng'ang'a alitazama sakafu. Nje, basi lilikuwa linaegesha, na mlango haukuwa na mtu.

"Basi shika trei," alisema mwishoni. "Lakini funika uso kidogo."

"Sifuniki."

Tangu siku hiyo Bilha alirudi mlangoni, na kofia pana kichwani. Muthoki alihamia kaunta, kwenye kiti, mpaka akajifungua msichana mzima, mwenye sauti ya kuita abiria. Walimwita Bilha.

Watu wengine bado husukuma sahani. Bilha huliona hilo, na bado humuuma. Lakini haupiti mwezi bila abiria mmoja, mara nyingi mwanamke, kumnong'oneza wakati wa kulipa.

"Mama, samahani. Ni nini ilikuchoma hivyo?"

"Saa moja," Bilha hujibu. Kisha huweka trei chini, akaketi, akamweleza kila kitu, na dereva akipiga honi humwambia angoje.