Maji Yaliyogoma Kuganda

Asubuhi moja ya mwaka 1956, maji yaligoma kuganda. Harshad alimimina amonia kwenye chupa ya madini ya berili yaliyoyeyushwa kwa asidi, kama alivyofanya siku zote katika maabara yake ya kupima madini, nyuma ya soko la Kariakoo. Lile tope jeupe, zito kama uji, halikutokea. Akaongeza amonia. Maji yakabaki maangavu.

"Onesphory, umetia asidi ya ndimu humu?"

"Sijagusa, bwana," alijibu msaidizi wake.

Harshad aliijua kazi yake. Ndani ya maji, chembe ya berili hukumbatiwa na molekuli nne za maji, kila moja ikiishika kwa oksijeni yake. Amonia ikiingia, kumbatio hulegea na berili huganda, ikashuka kama tope. Lakini asidi ya ndimu nayo ina oksijeni zake. Ikishaing'ang'ania berili, haiachii. Humu mlikuwa na kitu kimeishika. Akainamia chupa. Ilinuka ndimu, na jasho la mtu.

Onesphory alirudi nyuma. "Bwana," alinong'ona, "marehemu Melkiori ndiye aliyekuwa akifyonza ndimu."

Melkiori alisaga mawe ya berili pale miaka mitatu, hata kitambaa cha kufunika pua hakupewa. Alipoanza kukohoa akafyonza ndimu. Alipokonda, Harshad alimwambia ni kifua tu, kitapona. Na barua kutoka ng'ambo, iliyoonya kwamba vumbi lile linaua mapafu, ilikuwa imefungiwa katika mtoto wa meza tangu mwaka wa kwanza.

Saa sita mchana, mchi wa chuma aliousagia Melkiori ukaanza kutwanga wenyewe. Harshad akatazama nje, ambako wachuuzi walikuwa wakipiga kelele na jua limesimama utosini, akajiambia ni joto, ni uchovu, lakini mchi uliendelea, na nyuma yake kikohozi kikavu kikasogea hatua kwa hatua, kikamzunguka, kikamwingia ndani ya shati, hata akahisi mikono minne imemkumbatia mbavu kwa pamoja, na ulimini ukamjia utamu, utamu ule wa berili ambao mkemia haonji mara mbili, na alipovuta pumzi, haikuja.

Onesphory alikimbilia Ilala, akarudi na Bi Sophia, mganga. Alifukiza ubani, akauliza: "Nani wewe?"

Kinywa cha Harshad kikafunguka, sauti haikuwa yake. "Alisoma. Alijua. Akaninyamazia."

Bi Sophia alitikisa kichwa. "Huyu hatoki kwa kombe la kunywa wala kwa kuku wa kuchinja. Mwiteni mke wa marehemu. Akisamehe, ataachia."

Euphrasia, mjane wa Melkiori, alikuja na nguo zake nyeusi za msiba. Harshad, akihema kama samaki nchi kavu, alimweleza yote: vumbi, barua, ukimya wake.

"Siku ile nilipokuja kukuomba apumzike wiki moja tu," aliuliza Euphrasia, "barua ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mama. Nisamehe."

 Mjane akajitanda vizuri.

"Bi Sophia, zima ubani wako."

"Mwanangu, huyu atakufa!"

"Mume wangu alikufa kwa miezi minane. Mimi ndiye niliyemkalisha kitandani apate pumzi."

Akainama karibu na kifua cha Harshad, ila hakusema na Harshad.

"Baba Tarsis," alimwita mumewe kwa upole, kama anayemwamsha mtu, "usiachie."