Tundu la Bawa la Kushoto

Kabla ya alfajiri, Eteri alisikia kinu cha kahawa kikikwaruza jikoni. Bibi yake alikuwa amekifunika kwa shali ili asimwamshe mjukuu, lakini mjukuu hakuwa amelala.

"Leo wageni wa Moscow wanalinganisha michoro na ndege," alisema Eteri, akifunga mkanda wa gauni lake la buluu. "Wembe wangu utamponza Zauri, mpimaji wetu."

"Kunywa kwanza," alisema Bibi Maro. "Halafu kalete mkate."

Ni kwenye foleni ya mkate Eteri na Zauri walikokutana, mwezi wa nne, Tbilisi nzima ikisukumana mbele ya tanuri moja. Kijana mrefu, koti lina kifungo kimoja, alitoa chuma chake cha kupimia, akaupima mkate wa Eteri.

"Umepunjwa, dada."

"Na wewe umepunjwa vifungo."

Kumbe kiwanda chao kilikuwa kimoja. Moscow ilikuwa imeamua kuiga ndege ya Kimarekani ya kuvunjia vifaru, iliyoanguka vitani ikaletwa kwenye masanduku. Amri ilikuwa moja: igeni kila kitu, msiulize. Zauri alipima, Eteri alichora kwa wino, na jioni walichekeshana kwenye simu.

Siku moja, alipomaliza kuchora bawa la kushoto, Eteri aliona kiduara cheusi, peke yake, mbali na misumari yote ya ribiti inayoshika mabati. Akadhani wino umemdondoka. Akakikwangua kwa wembe, taratibu, ili kazi ya Zauri ionekane safi. Kumbe tundu lilikuwapo kweli kwenye bawa. Daftari la vipimo la Zauri likasema lipo, mchoro ukasema halipo, na mpimaji akaanza kuhojiwa. Eteri alipompigia simu, Zauri alijibu kwa sauti ya baridi, "Umekosea namba, mama," akakata.

Asubuhi hii ya wageni, alipofuata mkate, Eteri alimkuta Zauri kwenye foleni, hajanyoa.

"Mimi ndiye niliyekosea namba?"

"Polepole, mpenzi. Kulikuwa na mtu kando yangu, anaandika kila anayenipigia. Ningekuita Eteri, ungekuwa wewe kwenye kiti kile cha kuhojiwa."

"Tundu nililikwangua mimi. Nilidhani ni doa."

"Nilijua. Nani mwingine ana mkono mwepesi hivyo? Nimeshasaini kwamba nilipima vibaya."

"Mjinga wewe! Watakupeleka Siberia!"

"Huko nako kuna mkate."

"Na utampimia nani?"

Eteri akamshika mkono, wakakimbilia kiwandani. Mama mmoja nyuma yao akapaza sauti, "Nendeni, wanangu, nafasi yenu naishika!"

Eteri aliweka wembe wake mezani, mbele ya mhandisi mkuu na wageni.

"Ni mimi, ndugu mhandisi. Si yeye."

Mgeni mmoja wa Moscow aliliendea bawa, akaingiza kidole chake cha mwisho tunduni.

"Hili kazi yake nini?"

Kila fundi mle ndani aliona kwamba Mmarekani fulani aliteleza tu na keekee yake ya kutobolea. Nani angethubutu kusema?

"Mmarekani hatoboi bure," aliamua mgeni. "Litobolewe kwenye kila ndege."

Eteri aliamriwa kuchora bawa lote upya. Zauri, kwa kusaini uongo, alinyang'anywa kazi ya upimaji, akapelekwa karakana kutoboa tundu lile kwa mkono, ndege moja baada ya nyingine. Mlangoni, mhandisi mkuu alimrudishia Eteri wembe, ameufunga kwa leso yake mwenyewe. "Usijikate, binti."

Jioni Zauri alikaa mezani kwa Bibi Maro, shati limejaa vumbi la chuma.

"Nitatoboa tundu lisilo na kazi mpaka nizeeke, bibi."

"Hapahapa Tbilisi?"

"Hapahapa."

Eteri alicheka, machozi yakimtoka. Bibi alikata uzi kwa meno, akampa Zauri koti lake. Vifungo vyote vitano vilikuwa mahali pake.

"Njoo tena Jumapili, mwanangu," alisema. "Na umlete mama yako."