Aya Moja kwa Miongozo Tisa

Lifti ilikuwa imegoma na ukumbi wa jengo umefurika. Watu walitazama saa, wakatazama dari, wakamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele ya kisanduku cha umeme. Alivaa ovaroli la bluu lililokunjwa mikono hadi viwikoni na kilemba chekundu, na karatasi ameibana kwa meno.

"Dada, tutapanda leo kweli?" akauliza mzee mwenye mkoba.

Akaitoa karatasi mdomoni. "Muulize aliyeandika hii. Anasema nizime umeme, halafu nisubiri dakika kumi ndipo nifungue. Mashine hii mpya umeme unaobaki ndani yake huisha kwa dakika moja. Kuna mama amekwama huko juu na mwanawe, na mimi nimekaa hapa kama mgeni, kisa mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi."

"Bisibisi nimeshika," ikajibu sauti nyuma ya mzee. "Karatasi hiyo niliandika mimi."

Ukumbi ukacheka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka. Fundi akamkagua kuanzia viatu mpaka kola.

"Wewe? Ndiyo maana. Viatu vinavyong'aa hivi, umeme utaujulia wapi?"

"Nipe namba, nitairekebisha leo."

"Namba ya mashine au yangu?"

"Zote mbili, kama hutajali."

"Nitajali," akasema, lakini aliziandika zote mbili.

Wote wawili waliajiriwa na kampuni moja ya lifti, kijana upande wa ofisi, Fundi upande wa karakana, na mji mzima ukiwa katikati yao. Sheria ya kampuni ilikuwa kali: kila asubuhi fundi huchapa ukurasa mpya wa maelekezo, na kazi ikiisha huuchana, ili asije mtu akafanya kazi kwa karatasi ya zamani.

Kijana alipanda ngazi za jengo hilohilo, ghorofa kumi na moja, hadi ofisini bila kuhisi miguu. Alipofika mezani kwake aliitafuta ile aya ya kusubiri. Haikuandikwa mara tisa. Ilikaa mahali pamoja kwenye kompyuta, na miongozo ya lifti za aina tisa iliivuta kutoka hapo. Ukiigusa hapo, umeigusa kote. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe, na aliuringia. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kufungua orodha ya miongozo inayotumia aya kabla hujaibadilisha. Siku ile hakuifungua. Vidole vilimwasha. Akafuta *kumi*, akaandika *moja*, akapiga simu.

"Imeshakuwa dakika moja."

"Mara hii? Nilidhani ofisini mnafanya kazi kwa vikao."

"Kwa wengine. Kwako nimeruka vikao."

"Haya, Karani. Usije ukazoea."

Alizoea. Wiki tatu walipigiana simu kama watu waliopoteza kitu na kila mmoja anashuku mwenzake anacho. Fundi alipiga akiwa juu ya paa la lifti, upepo ukivuma ndani ya simu. Alipiga akila, akifua, akimsubiri mjomba wake arudi kutoka kazini. Mjomba, naye fundi wa kampuni hiyohiyo, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemtia bisibisi mkononi akiwa na miaka tisa.

"Ananiuliza huyo unayecheka naye ni nani," alisema jioni moja.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mtu wa makaratasi. Akaguna. Kwake mguno ni hotuba, kipenzi."

Jumanne ya wiki ya nne, Mjomba alikwenda kutengeneza lifti ya zamani, ambayo umeme wake hukawia kuisha. Kwa miaka thelathini alisubiri kwa hesabu ya kichwa chake, lakini mwezi uliopita alipewa onyo la kutofuata karatasi, naye hakutaka la pili. Karatasi ikasema dakika moja. Akazima, akasubiri moja, akafungua. Umeme uliobaki ndani ukamrukia kiganjani na kumtupa ukutani.

Alipona. Mkono wa kulia uliungua. Karatasi ilikuwa imeshachanwa na mwenzake, kwa mazoea, na mwongozo ulipofunguliwa na wakaguzi mchana huo ulisema dakika kumi.

Meneja wa kijana alikuwa amemwita ndani na kufunga mlango. "Nimeirudisha kumi kwa mkono wangu. Miongozo yote tisa iko sawa. Mzee alikuwa na haraka, basi. Tumeelewana?"

Kabla hajajibu, simu ikatetema.

"Mjomba anasema karatasi iliandikwa moja," sauti ya Fundi ilikuwa kavu. "Mimi najua ni nani aliyeomba moja na ni nani aliyeiandika. Sasa nimefungua, nakuta kumi. Umeibadilisha?"

Meneja alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Nitakupigia."

"Nimekuuliza kitu."

"Fundi wangu, naomba dakika..."

"Dakika ngapi, Karani?" Akakata.

Siku mbili kijana hakukaa kwenye kiti. Alizunguka meza, akazunguka mtaa, akapiga simu isiyopokelewa mara kumi na saba. Ijumaa Mjomba angeitwa kikaoni kujieleza, na kila mtu alijua barua ya kumfukuza ilikuwa tayari imechapwa.

Ijumaa hiyo Mjomba aliingia na bandeji hadi kwenye kiwiko, mpwa wake kando yake katika gauni jeusi lisilo na mapambo. Mwenyekiti alikuwa amefungua kinywa tu mlango uliposukumwa.

"Hukualikwa," Meneja akasema.

"Najua." Kijana aliweka karatasi mbele ya mwenyekiti. Shati lake leo lilikuwa na mikunjo. "Kompyuta huandika kila anayeigusa aya. Mstari huu ni mimi: tarehe, saa, kumi ikawa moja. Niliibadilisha kwa ajili ya lifti moja mpya, na sikuangalia ni wapi pengine inatumika. Ilitumika kwenye tisa. Mzee alifuata nilichoandika. Kosa ni langu."

Mwenyekiti akateremsha kidole. "Na mstari huu wa Jumanne? Moja ikarudi kumi, saa moja baada ya ajali. Hili si jina lako."

Fundi aliinuka nusu, akasoma jina, akamtazama Meneja, kisha kijana. Akakaa taratibu.

Mjomba alibaki na kazi yake. Kijana hakubaki na yake. Alikuwa amefika ngazi ya mwisho ya jengo aliposikia viatu vikishuka mbio nyuma yake.

"Karani. Simama."

Akasimama.

"Nilidhani ni wewe uliyefuta."

"Nilinyamaza siku mbili. Si tofauti kubwa."

"Ni tofauti." Alikuwa akihema. "Na mimi ndiye niliyekuomba ile dakika. Hilo hukulisema mle ndani."

"Hukuniomba niwe mjinga."

Alicheka huku akijifuta macho kwa kiganja. "Sasa unakwenda wapi?"

"Sijui. Sina kazi, na miguu inakataa kutulia. Nikuoe?"

"Hivi ndivyo mnavyoposa, watu wa makaratasi? Kwenye ngazi?"

"Nijibu."

"Mimi nimeshakubali, mjinga wewe. Lakini mkono ulioungua si wangu kuusamehe. Jumapili uje kwetu. Sitakaa sebuleni kukusaidia."

Jumapili saa nne Mjomba alimfungulia mlango kwa mkono wa kushoto, shati likiwa wazi kifuani.

"Mpwa wangu anasema una ombi."

"Nina mawili, Mjomba. La kwanza ni msamaha."

"La pili?"

"Siwezi kulitamka kabla ya la kwanza."

Mzee akaguna. Aliketi, akaangalia bandeji, akamwangalia kijana.

"Daktari amesema wiki sita. Vifungo hivi sivifungi mwenyewe, na yule binti ana kazi asubuhi. Wewe huna."

Kijana akapiga magoti mbele ya kiti. Kifungo cha kwanza kilimponyoka mara mbili. Jikoni, mtu aliyekuwa akiosha vyombo kwa kelele akafunga bomba ili asikie.

"Anza chini," Mjomba akasema. "Na kesho uwahi. Mimi huamka saa kumi na mbili."