Pigo Lisiloandikwa

Wytske Hoekema hakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Alitumia ile kuukuu ya nyumbani, iliyonguruma kama mashine ya kukamulia maziwa. Hakuwa na mwalimu wa kompyuta, hakuwa na siku za kutosha, na, nikisema kweli, hakuwa na subira. Alichokuwa nacho ni tarumbeta, karatasi moja ya babu yake, na ahadi aliyoitoa mbele ya watu.

Kila siku alitoka shule kwa baiskeli, akalisha kuku, kisha akaketi kwenye kompyuta. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Bendi ya kijiji chetu cha Friesland, Uholanzi, ilikuwa inatimiza miaka mia moja Jumamosi, na kiongozi wake, Bwana Sietse, alitaka upigwe wimbo wa gwaride ambao babu yake Wytske, Mzee Douwe, aliutunga ujanani. Ulikuwa haujapigwa kwa miaka sitini. Nakala zote ziliharibiwa na maji ghalani, ikabaki moja ya penseli. Mzee alikuwa na miaka themanini na minne, vidole vyake havishiki tena kalamu sawasawa, na alitamani kuusikia mara moja tena.

"Nitauandika mimi, Bwana Sietse," Wytske alikuwa amesema.

Alitumia programu ambayo huipi picha, unaipa maandishi: herufi za noti, namba za urefu wake, na alama ya ukaguzi mwisho wa kila kipimo, yaani kila kipande kifupi cha wimbo. Yenyewe huchora karatasi ya muziki. Katika wimbo huu kila kipimo kilitakiwa kuwa na mapigo manne. Kisipotimia, programu inalalamika.

Nayo ililalamika. Kuanzia kipimo cha kumi na saba hadi mwisho, kila mstari ulikuwa na onyo. Wytske alisoma upya karatasi ya babu mara tatu. Alikuwa amenakili sawasawa. Basi akafanya jambo baya: akafuta alama zote za ukaguzi. Maonyo yakanyamaza. Akachapisha nakala ishirini na mbili, akampelekea Bwana Sietse.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, bwana. Haina shida."

Jumatano jioni bendi ilifanya mazoezi. Walikwenda vizuri mpaka katikati, kisha ngoma ikaangukia mahali pake na tarumbeta mahali pengine, kama ng'ombe waliofunguliwa mlango mmoja kwa pamoja. Walijaribu mara nne.

"Wytske," akauliza Bwana Sietse, "ulisema haina shida?"

"Programu ndiyo mbovu, bwana."

Alhamisi, alipotoka shule, aliandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu hiyo, kwa Kiingereza chake cha shuleni: "Programu yenu imeharibu wimbo wa babu yangu. Nisaidieni haraka." Akabandika mistari yote mia nne.

Saa moja baadaye alijibiwa na mama mmoja, Ilda Sarasola, mwalimu mstaafu wa piano huko Uruguay. "Mwanangu, pole. Sisi hapa tunajitolea, na mistari mia nne siwezi kuisoma yote. Rudisha alama za ukaguzi. Kisha ondoa nusu ya wimbo. Kosa likibaki, ondoa nusu ya kilichobaki. Endelea hivyo, unitumie kipande kidogo kabisa ambacho bado kinakosea. Nitasubiri."

Kaka yake, Jelmer, alikuwa amesimama nyuma yake akitafuna mkate. Akacheka. "Umeomba maji, umepewa jembe uchimbe kisima!"

"Nyamaza, mdomo wako umejaa."

"Wewe mwenyewe ulisema haina shida. Sasa uso utauweka wapi Jumamosi?"

Wytske alitaka kulia. Badala yake alirudisha alama, moja moja, akaanza kukata. Mistari mia mbili. Mia. Hamsini. Alipobakiza vipimo viwili tu, kosa lilimkodolea macho: kipimo cha kumi na saba kilikuwa na mapigo matatu. Akatazama karatasi ya babu. Hata pale yalikuwa matatu.

Akamtumia Mama Ilda vipimo hivyo viwili, na chini yake akaandika: "Alama nilizifuta mimi, ili maonyo yanyamaze. Programu nimeisingizia. Naomba radhi."

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. "Ahsante kwa kusema kweli. Programu haikukosea, na wewe ulinakili vizuri. Karatasi ndiyo imepungukiwa. Je, aliyeuandika yu hai? Muulize kulikuwa na nini pale."

Mchana alikwenda mbio kwa Mzee Douwe, akamkuta na bakuli la supu ya njegere.

"Babu, kipimo cha kumi na saba kina mapigo matatu. La nne liko wapi?"

Mzee aliweka kijiko chini. Akauimba wimbo taratibu kwa pumzi yake fupi, na alipofika pale, akapiga mguu sakafuni, *ko!* Supu ikamwagika.

"Hapo tulipiga mguu! Bendi nzima, viatu vya mbao, sakafu ya ghala inatikisika!"

"Sasa mbona hukuandika?"

"Nani aandike mguu, mtoto? Kila mtu alijua."

"Mimi sikujua, babu."

Mzee akasukuma bakuli kando. "Kweli. Waliojua wote wamekwisha kwenda. Andika basi, nisije nikaondoka nao."

Aliandika pigo la kimya, na juu yake neno "mguu". Programu haikutoa onyo hata moja. Jioni ile alimpelekea Bwana Sietse nakala mpya, akamweleza yote, hata habari ya zile alama alizozifuta.

Jumamosi, watu ishirini na wawili walipiga mguu mmoja, na Mzee Douwe, kwenye kiti cha mbele, akapiga pamoja nao, machozi yakimtiririka.

Baadaye Bwana Sietse alimwita Wytske. "Onyo si adui yako," alisema. "Ukilinyamazisha, kosa linabaki, wewe ndiye unayebaki gizani. Na anayeomba msaada aoneshe kwanza alichofanya, aseme ukweli wake wote. Hapo hata mtu wa mbali atajua pa kukushika mkono. Huyo mama umemshukuru?"

"Kwa kompyuta tu, bwana."

"Basi mshukuru kwa mkono."

Jumapili Wytske, akiwa ameomba anwani ya Mama Ilda jukwaani, aliandika barua kwa kalamu, ukurasa mzima. Alimweleza Mama Ilda jinsi sakafu ilivyotikisika, na jinsi babu alivyoomba wimbo urudiwe. Mzee akaongeza jina lake chini, kwa herufi zilizotetemeka, ikamchukua dakika nzima. Wakaweka ndani nakala moja ya wimbo. Wytske akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akapanda baiskeli hadi kwenye sanduku la posta karibu na kanisa, na akaitumbukiza.